Matibabu ni bure, nauli je?

Wiki hii tuachane kidogo na habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Nataka nikusimulie kisa cha bibi yangu, mzaa mama, na macho yake. Kimenifundisha jambo ambalo shuleni sikulisikia hata siku moja.

Bibi anaishi kijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga. Miaka miwili mizima alikuwa haoni. Mboni za macho zilikuwa nyeupe kama tui la nazi. Nikifika anasikiliza hatua zangu, anauliza, "Mume wangu, umekuja?" Halafu ananipapasa mashavu kujua kama nimekonda.

Wapo waliosema ni uzee tu, wengine wakanong'ona kuwa karogwa. Kumbe ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu. Hakuna matone wala majani ya kuuondoa. Dawa yake ni upasuaji, basi.

Mwaka wa kwanza lilitolewa tangazo kanisani: madaktari wanakuja mjini, wanapasua macho bure. Mama akafurahi, lakini Bibi akapiga hesabu. Pikipiki mpaka barabarani, basi mpaka mjini, na kurudi. Zidisha mara mbili, maana asiyeona hasafiri peke yake. Chakula cha siku tatu. Na kuku na mbuzi abaki nao nani?

"Hiyo bure yao ni ghali," akasema. "Mimi siiwezi."

Madaktari wakaja, wakaondoka. Mimi niko zangu Dar es Salaam, naambiwa kwenye simu mambo yameshakwisha. Nikauliza nauli ilikuwa kiasi gani. Nilipotajiwa niliishiwa nguvu. Ni hela ninayomaliza Jumamosi moja kwa chipsi na bia mbili tatu! Lakini sikuwa nimeuliza, na wao waliona haya kuomba.

Mwaka uliofuata jumuiya moja ya Kiislamu ikatangaza kambi ya macho. Hawa walijipanga. Wagonjwa wanapimwa hapo hapo shule ya msingi ya kijiji, wa kupasuliwa wanapelekwa mjini kwa gari na kurudishwa, chakula kipo, msindikizaji ruksa. Safari hii nikapanda basi mwenyewe.

Basi bwana, nafika, Bibi kagoma! Yeye ni Mwanglikana tangu kuzaliwa. "Watanisilimisha nikiwa sioni," anasema. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Aliyenisaidia ni jirani yake, mama wa Kiislamu wa rika lake, aliyeingia kuomba moto.

"Shoga, mimi nilizaliwa misheni kwenu Magila," alimwambia. "Wanangu wote nimewazalia Teule. Mbona Ramadhani nafunga mpaka leo?"

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, nipeni ile khanga yangu nzuri."

Yule mama alisema kweli. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifika Magila karne ya 19, na pamoja na kanisa wakaleta shule na dawa. Hospitali Teule ya Muheza, ambayo ni ya Kanisa Anglikana, ikaja kuteuliwa na Serikali kufanya kazi ya hospitali ya wilaya, ndiyo maana ya hilo jina. Miaka yote wamelazwa humo Waislamu na Wakristo. Upande wa pili, Bilal Muslim Mission, iliyoanza miaka ya 1960, nayo imeendesha kambi za macho vijijini.

Lakini usidhani hospitali za dini ni bure kila siku. Dawa zinanunuliwa, wauguzi wanalipwa, kwa hiyo nyingi zinatoza. Hata za Serikali zilianza kuchangisha mwaka 1993. Sera inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Shida ni pale unapoambiwa dawa zimekwisha, kanunue duka la nje.

Siku ya kupima tulikaa kwenye madawati ya watoto. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma. Daktari akammulika, akamweleza taratibu kuwa yake si mtoto wa jicho, ni presha ya macho, na mshipa umeshakufa. Hausahihishiki. Mzee akauliza tena, akajibiwa vile vile. Alipewa sahani ya pilau kama wengine. Aliila yote bila kusema neno.

Bibi alipasuliwa jicho moja. Ganzi, kama robo saa, kwisha. Wanatoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya plastiki. Kazi hiyo ya kupandikiza lenzi aliianzisha daktari Harold Ridley huko London mwaka 1949. Leo imefika kwa bibi wa Muheza asiyemjua.

Asubuhi wakafungua bendeji. Kwanza alimtazama muuguzi, dada aliyevaa hijabu, akamshika mkono. Kisha akanigeukia mimi, akanikazia jicho.

"Mume wangu, kumbe umefuga ndevu mbaya hivyo!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitoka nje, sikutaka wayaone machozi.

Dini yake hakuulizwa. Ilisomwa dua, naye akaitikia amina. Matone ya dawa aliyopewa alitiwa na yule yule jirani, wiki kadhaa, bila kukosa.

Wenye makanisa na misikiti, Mungu awazidishie. Ila mnapotangaza bure, hesabuni na nauli na mlo, la sivyo mtawatibu wenye nafasi tu. Na sisi vijana wa mjini, tusingoje kuombwa. Piga simu nyumbani leo, uliza nani haoni na tangu lini. Wengine, kama yule mzee wa kofia, kuchelewa hakuna marekebisho.

Jicho la pili la Bibi bado. Nauli yake nimeshaitenga.