Maadili Bila Dini, Sehemu ya Tatu: Shahidi Asiyeapa

Sehemu mbili zilizopita tulikaa na wanafalsafa, hasa lile swali la Plato: je, jema ni jema kwa kuwa limeamriwa na mbingu, au limeamriwa kwa kuwa ni jema? Leo nashuka mahakamani. Kila anayezungumzia maadili yasiyotegemea dini hukutana na pingamizi moja: mtu asiyeogopa moto wa Jehanamu, nini kitamzuia asiseme uongo? Wanaolitoa wanaujali ukweli, na wana haki ya kujibiwa kwa mambo yaliyotokea. Sheria ya Uingereza, ambayo Afrika Mashariki tuliirithi kwa sehemu kubwa, ilihangaika na swali hilo kwa karibu miaka mia mbili.

John Locke, mtetezi mashuhuri wa uvumilivu katika dini, aliandika mwaka 1689 kwamba dola haina kazi ya kuwalazimisha watu imani. Lakini mkana Mungu hakumwingiza katika uvumilivu huo. Ahadi, mikataba na viapo ndivyo vinavyoishikilia jamii, alisema, na asiyemwamini Mungu hawezi kufungwa navyo. Mahakama nazo zilifuata njia hiyo. Kuapa kulikuwa kumwita Mungu akuadhibu ukidanganya, kwa hiyo asiyeamini adhabu hiyo hakustahili kusikilizwa. Katika miaka ya 1740, kesi ya Omychund dhidi ya Barker ilifungua mlango kwa ushahidi wa Wahindu uliochukuliwa Calcutta, kwa hoja kwamba wao pia wana Mungu anayeadhibu. Asiye na dini alibaki nje.

Kubaki nje kulikuwa na maana nzito. Mwaka 1857 mgeni mmoja mwenye cheo cha baron alifika mbele ya hakimu wa London kumshtaki mwizi. Alipokiri kwamba hana imani ya dini, shauri lake halikusikilizwa. Yaani mtu wa namna hiyo angeweza kuibiwa au kupigwa pasipo shahidi mwingine, na mkosaji akaenda zake nyumbani.

John Stuart Mill alikitaja kisa hicho mwaka 1859 katika kitabu chake kuhusu uhuru, na hoja aliyoitoa hapo naiona kuwa nzito kuliko zote katika mjadala huu. Sheria ilichukulia kwamba mkana Mungu ni mwongo. Haya, mkana Mungu ambaye kweli ni mwongo, alipoitwa kizimbani alifanya nini? Aliapa. Alishika Biblia, akatamka maneno yote, akatoa ushahidi wake kama kawaida. Aliyezuiwa ni yule tu aliyekuwa tayari kudharauliwa mbele ya watu kuliko kudai imani asiyokuwa nayo. Sheria hiyo ilikuwa chekecheo linalopitisha pumba na kuzuia unga. Nimetafuta jibu la hoja hii kwa wapinzani wa Mill, na sijaona la kuridhisha.

Mwaka 1869 Bunge la Uingereza liliruhusu mashahidi wasio na dini kuthibitisha kwamba watasema kweli, bila kuapa. Bungeni kwenyewe mambo yalikuwa magumu zaidi. Charles Bradlaugh, mtoto wa familia maskini ya London, mwasisi wa chama cha watetezi wa maisha ya umma yasiyofungwa na dini kilichoanzishwa mwaka 1866, alichaguliwa mwaka 1880 kuwa mbunge wa Northampton. Aliomba kuthibitisha badala ya kuapa. Akakataliwa. Akasema basi yuko tayari kuapa kama sheria inavyotaka, ingawa maneno ya kumtaja Mungu hayana maana kwake. Akakataliwa tena, kwamba kiapo cha mkana Mungu si kiapo! Mwezi wa Juni mwaka huohuo alizuiliwa usiku kucha katika mnara wa saa wa Bunge. Agosti 1881 alibebwa mzobemzobe na kutolewa nje. Wapiga kura wa Northampton walimrudisha mwaka 1881, mwaka 1882, mwaka 1884 na mwaka 1885, na wengi wao walikuwa Wakristo. Walimjua, walimsikia akisema yasiyowapendeza wakubwa, wakaamua kwamba neno lake linatosha.

Waziri Mkuu William Gladstone, Mwanglikana mcha Mungu kwelikweli, alileta mwaka 1883 muswada wa kumruhusu mbunge yeyote kuthibitisha. Ulianguka kwa kura tatu, 292 dhidi ya 289. Januari 1886 Spika mpya alimwachia Bradlaugh aape bila kuingiliwa na mtu, na mwaka 1888 Bradlaugh mwenyewe akafanikisha sheria iliyofungua njia ya uthibitisho bungeni na mahakamani.

Ingekuwa dhuluma kuisimulia habari hii kana kwamba ni vita ya wasioamini dhidi ya waumini. Waliotangulia kuudai uthibitisho ni Waquaker, ambao Kenya magharibi tunawajua kwa Kanisa la Marafiki. Wao walikataa kuapa kwa sababu Yesu alikataza kuapa, na mwaka 1696 Bunge liliwakubalia, ingawa si katika kesi za jinai. Watu wa Mungu ndio waliosema kwanza kwamba mkweli hahitaji kiapo.

Sheria ya viapo ya Tanzania imebeba alama za historia hiyo. Mkristo huapa. Mwenye imani nyingine, na anayekataa kuapa kwa kuwa hana dini au dini yake inamkataza, anaruhusiwa kuthibitisha, na uthibitisho wake una nguvu sawa na kiapo. Kila siku Waislamu wanathibitisha katika mahakama zetu, wala hakuna hakimu anayeupunguzia uzito ushahidi wao kwa sababu hawakuapa. Muumini anayetiwa nguvu na kiapo chake, na akitumie. Sioni sababu ya kumnyang'anya.

Mwaka 2016 Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Hapo awali hakimu alipaswa kwanza kumhoji mtoto mdogo apime kama anaelewa maana ya kiapo, na kesi za watoto waliodhulumiwa ziliweza kuyumba kwa sababu mahojiano hayo hayakufanywa ipasavyo. Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa. Sasa mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, mradi aahidi mbele ya mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Haombwi kumtaja Mungu wala kueleza adhabu ya akhera. Anaombwa ahadi, na juu ya ushahidi unaofuata ahadi hiyo mtu mzima anaweza kufungwa miaka mingi.

Locke angeuliza: ahadi hiyo inamfunga mtoto kwa kamba gani? Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na jibu alilolichota kwa Waakan, watu wake, ambao wanamwamini Mungu lakini, kwa maelezo yake, wema hawaupimi kwa amri yake bali kwa ustawi wa binadamu. Nitaanza naye wiki ijayo.