Sinapsidi

Sinapsidi (kutoka Kigiriki: *syn*, "pamoja", na *apsis*, "tao") ni kundi la wanyama wenye uti wa mgongo ambalo linajumuisha mamalia wote, binadamu wakiwemo, pamoja na jamaa zao wa kale waliokwisha kutoweka. Sinapsidi wa kale hutambulikana kwa tundu moja kila upande wa fuvu, nyuma ya jicho, lililohusiana na misuli ya taya.

Zamani wanyama hao waliitwa "reptilia wanaofanana na mamalia". Wataalamu wengi wameacha jina hilo, kwa sababu ukoo wao ulitengana na ule wa reptilia zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, katika kipindi cha Karboni. Hivyo mamalia hawakutokana na reptilia, bali makundi hayo mawili yana wahenga wa pamoja.

Historia

Kati ya sinapsidi wa kwanza wanaojulikana ni *Archaeothyris*, aliyepatikana Nova Scotia, Kanada. *Dimetrodon*, mla nyama mwenye tanga mgongoni, aliishi katika kipindi cha Permi. Mara nyingi hudhaniwa kuwa dinosauri, lakini alitoweka miaka milioni 40 hivi kabla ya dinosauri kutokea.

Baadaye walitokea therapsidi. Wengi wao waliangamia mwishoni mwa Permi, miaka milioni 252 iliyopita. Kati ya waliosalia walikuwemo sinodonti, ambao mamalia wametokana nao.

Taya na sikio

Taya la chini la sinapsidi wa kale lilikuwa na mifupa kadhaa. Katika sinodonti mfupa wenye meno ulizidi kukua na mingine ya nyuma ikapungua. *Morganucodon*, aliyeishi miaka milioni 205 hivi iliyopita, alikuwa na kiungo cha taya cha zamani na kipya kwa pamoja. Hatimaye mifupa miwili ya kiungo cha zamani ikawa nyundo na fuawe, vifupa vya sikio la kati vinavyomsaidia binadamu kusikia hadi leo.

Visukuku barani Afrika

Visukuku vingi vya therapsidi vimepatikana Karoo, Afrika Kusini. Katika bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, vimepatikana vya dikinodonti waliokula mimea, gorgonopsidi waliokula nyama, na sinodonti.