Piano ya daraja la juu kwenda pwani ya Cabo Delgado: Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mfanyabiashara wa Mtwara anayepeleka mzigo Palma au Mocímboa da Praia anaijua bei ya saruji, mchele na mabati bila kufungua daftari. Siku akiletewa oda ya piano ndipo hujikuta hana pa kuanzia. Mwenye oda ya namna hii kwa kawaida ni kanisa, shule, hoteli au mtu binafsi ambaye tayari ana piano ndogo au kinanda cha umeme, na sasa anataka cha juu zaidi. Anataja jina la kampuni aliloliona mahali fulani, anauliza utaileta lini, basi.

Makala haya yanahusu piano ya kusimama, ile inayoegemezwa ukutani, si ile kubwa ya kulala yenye mkia. Tunayaandika kwa sababu kosa la chaguo hapa ni ghali. Piano inayosifiwa dukani Ulaya si lazima ifae Palma, na ile iliyo rahisi kwenye ankara inaweza kuwa ndiyo itakayokufikisha mahakamani.

Tuanze na kimo, kwani ndicho kipimo cha kwanza. Piano za kusimama hupimwa kwa sentimita kutoka sakafuni hadi juu. Ndogo huwa na 110 hivi. Yamaha U1, ambayo wengi wanaijua, ina 121. Zile za daraja la juu huanzia 130: Yamaha YUS5 ina 131, Kawai K-500 ina 130, Bechstein Concert 8 ina 131 na Steinway K-132 ina 132 kama jina lake linavyosema. Kimo kikiongezeka, nyuzi za besi huwa ndefu zaidi na ubao wa sauti ulio nyuma huwa mpana zaidi. Mteja anayetoka kwenye piano ya sentimita 110 kwenda 121 atasikia tofauti siku ileile. Kutoka 121 kwenda 131 ataisikia zaidi upande wa kushoto, kwenye sauti nzito. Akishafika 131, fedha anazoongeza hazinunui ukubwa tena. Zinanunua mbao zilizochaguliwa vizuri zaidi, sufu bora ya nyundo na saa nyingi za mikono ya fundi. Ndiyo maana piano mbili za kimo kimoja, moja ya Japani na moja ya Ujerumani, zinaweza kuachana bei mara mbili au tatu.

Hapo ndipo mteja anapaswa kuulizwa swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi: piano itakaa wapi?

Adui ni hewa

Ndani ya piano kuna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa juu ya fremu ya chuma cha kusubu, na mvutano wake kwa pamoja unafikia tani 15 hadi 20. Nyuzi hizo hushikwa na pini zilizogongelewa ndani ya ubao mgumu. Kila ufunguo kati ya 88 husukuma mtambo mdogo wa vipande vingi vya mbao, ngozi na sufu, ambavyo hupishana kwa nafasi ndogo sana. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hewa ikikauka hunywea. Ubao wa sauti ukivimba, piano nzima hutoka kwenye sauti yake. Vipande vya mtambo vikivimba, funguo hubonyea na kukwama chini.

Watengenezaji wengi hutaka unyevu wa hewa ya chumba uwe kati ya asilimia 40 na 60 au karibu na hapo. Pwani kutoka Quionga hadi Mocímboa da Praia hupita kiwango hicho kwa miezi mingi, hasa wakati wa mvua kati ya Desemba na Aprili. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo huleta kutu kwenye nyuzi na pini, pamoja na nondo wanaopenda sufu. Zamani watengenezaji wa Ulaya walilijua tatizo hili, wakawa wanatoa piano maalumu za nchi za joto ambazo vibamba vya funguo zake vilipigiliwa misumari midogo ya shaba, kwa kuwa gundi peke yake haikustahimili.

Siku hizi kampuni ya Kawai hutengeneza sehemu za mtambo wake kwa plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, ambayo haivimbi kwa unyevu kama mbao. Wapo wapiga piano wanaoidharau kwa sababu hiyo. Kwa chumba cha Lisbon au Nairobi wana haki ya kubishana, lakini kwa nyumba iliyo mita 200 kutoka ufukweni, maoni yetu ni kwamba hilo ni jambo la kulipia. Piano ya Ujerumani ya makumi ya maelfu ya euro ni chombo kizuri sana, ila iende kwa mteja mwenye chumba kinachotunzwa hewa yake mchana na usiku. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwani mbao huchoka kwa kuvimba na kunywea kila siku.

Vipo vifaa vya kusaidia. Kinachotumika zaidi ni fimbo ya umeme inayofungwa ndani ya piano, upande wa chini, ambayo hupata joto kidogo na kukausha hewa iliyomo. Huendeshwa na kipima unyevu kinachoiwasha na kuizima chenyewe. Iandikwe kwenye oda tangu mwanzo. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, mteja aelezwe mapema kwamba fimbo haifanyi kazi bila huo umeme.

Mitumba ya Japani na pembe ya Ulaya

Wateja wengi wakisikia bei ya piano mpya huomba iliyotumika. Hakuna ubaya. Kama ilivyo kwa magari, Japani huuza nje piano nyingi zilizotumika, na Yamaha U3 au Kawai ya miaka ya 1980 iliyotunzwa inaweza kuwa hatua kubwa mbele kwa aliyekuwa na kinanda kidogo. Namba iliyochapwa ndani, chini ya mfuniko wa juu, hueleza mwaka wa kutengenezwa. Omba picha ya namba hiyo, picha ya pini za kukazia nyuzi na picha ya nyundo. Kutu kwenye nyuzi na mifereji mirefu kwenye sufu ya nyundo ni dalili za kazi kubwa iliyo mbele. Aidha, muulize muuzaji kama pini bado zinashika. Zikiwa zimelegea, hata fundi hodari hataweza kuiweka piano kwenye sauti yake kwa muda mrefu.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye piano za zamani za Ulaya na Marekani. Funguo nyeupe za nyingi kati yake zimefunikwa pembe ya ndovu.

Historia yake inaihusu pwani hii hasa. Katika karne ya 19 misafara, ikiwamo ya Wayao, ilibeba pembe kutoka bara hadi Kilwa na bandari nyingine za pwani. Sehemu kubwa ilikusanywa Zanzibar, na meli za Marekani zikaichukua hadi jimbo la Connecticut. Huko, katika miji ya Deep River na Ivoryton, viwanda viliikata kuwa vibamba vyembamba vya kufunika funguo za piano. Mji wa Ivoryton umepata jina lake kwa pembe hizo. Hivyo anayevusha Ruvuma leo na piano ya bibi wa Uingereza anaweza kuwa anairudisha pembe ilikotoka, lakini askari wa wanyamapori hatalipokea kama hadithi.

Ndovu wa Afrika waliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES mwaka 1989, na biashara ya kimataifa ya pembe zao ikapigwa marufuku. Piano ya zamani inaweza kupita tu ikiwa na hati ya CITES kutoka nchi inakotoka, inayothibitisha kwamba pembe ni ya kabla ya mkataba, pamoja na idhini za huku inakokwenda. Tanzania, kesi za nyara za serikali huendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Msumbiji, sheria ya hifadhi iliyorekebishwa mwaka 2017 inafikisha kifungo miaka 16. Ushauri wetu ni mfupi: usiiguse piano ya pembe, hata ikiwa na karatasi zote. Faida yake haifanani na usumbufu wake.

Kuitambua si kazi ngumu. Kibamba cha pembe kwa kawaida huwa vipande viwili kwenye ufunguo mmoja, na mstari mwembamba wa kiungo huonekana pale ufunguo mweusi unapoanzia. Ukitazama kwa mwanga wa pembeni utaona mistari myepesi kama ya ubao. Plastiki ni kipande kimoja, haina mistari hiyo. Piano mpya za daraja la juu hutumia plastiki iliyotengenezwa kufanana na pembe. Yamaha huiita Ivorite na Kawai huiita Neotex.

Kuhusu funguo nyeusi, watu huzichanganya na mpingo wetu. Kwenye piano nzuri hizo huwa za mwebani, mti mwingine mweusi ambao ni ndugu wa mpingo kwa rangi tu, si kwa ukoo. Mpingo, ambao Msumbiji huitwa pau-preto na Wamakonde huuchonga, huenda zaidi kwenye klarineti na obo. Jamii yote ya miti hiyo iliwekwa chini ya CITES Januari 2017, ila tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa vibali. Msamaha huo hauhusu mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, uliofungwa tangu 1992, ambao ulitumika kupamba makasha ya piano nyingi za zamani. Ukiona kasha la kahawia lenye michirizi myeusi, uliza ni mti gani.

Karatasi na njia

Piano ya kusimama ina namba yake ya ushuru, 9201.10. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa Tanzania na Msumbiji zote zimo katika eneo huru la biashara la SADC lililoanza 2008, piano itapita bila ushuru. Piano ya Japani haigeuki kuwa bidhaa ya SADC kwa kulala ghalani Mtwara. Msamaha huenda na asili ya bidhaa. Iingie kwa transiti, na despachante wa upande wa pili aandae karatasi zake kabla gari halijaondoka. Hesabu pia IVA, ambayo Msumbiji iliishusha kutoka asilimia 17 hadi 16 mwaka 2023. Kreti ya mbao iwe na muhuri wa kutibiwa dhidi ya wadudu.

Njia ya pwani ni Kilambo hadi Namoto kwa kuvuka mto, na ndiyo fupi. Njia ya daraja ni Mtambaswala hadi Negomano, kwenye Daraja la Umoja lenye mita 720 lililofunguliwa Mei 2010, kisha Mueda na kuteremka pwani. Ni mzunguko mrefu, lakini mzigo hauteremshwi mtoni. Tangu shambulio la Palma la Machi 24, 2021, hakuna msafirishaji mwenye akili anayechagua kati ya hizo mbili kwa kuangalia ramani tu. Uliza hali ya usalama na ya kivuko wiki ileile. Soma pia bima yako, kwani bima za kawaida za mizigo hazilipi hasara ya vita wala ugaidi bila nyongeza maalumu.

Ndani ya gari, piano isimame. Uzito wake, unaopita kilo 220, uko zaidi nyuma kwenye fremu, kwa hiyo mgongo uegemee ubao wa mbele wa bodi na ufungwe kwa mikanda miwili. Tuliwahi kuiona moja iliyolazwa kifudifudi juu ya mifuko ya saruji ili kupata nafasi. Ilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limeingia kwenye kila ufunguo, na mwenye mzigo alikataa kumalizia malipo. Magurudumu madogo ya chini ni ya kuisogeza sebuleni, si ya kuivuta kwenye zege. Tafuta toroli na watu wanne.

Ikishafika iachwe wiki mbili au tatu izoee hewa ya chumba, ndipo itafutiwe fundi wa kuiweka sauti. Fundi huyo pengine atatoka Dar es Salaam au Maputo, naye atahitajika tena baada ya miezi sita. Nauli na malazi yake kwa safari ya kwanza yaingie kwenye bei unayompa mteja, yaandikwe kwenye ankara, na asaini kabla hujaagiza.