Vita vya angani kibandani Nyarugusu

Ukifika Nyarugusu mkoani Geita majira ya magharibi, wachimbaji wakiwa wamekwisha kunawa vumbi, utasikia jenereta inanguruma na nyuma yake milio ya bunduki. Usikimbie. Ni kibanda cha video. Siku niliyoingia mimi, nikiwa nimetoka Shinyanga kwa basi, vita ilikuwa inapiganwa kwenye sayari ya mbali kabisa.

Wapo wazazi wanaoziita filamu hizi upuuzi unaowamalizia vijana fedha. Kabla ya kuhukumu, tuangalie kwanza kinachowavuta.

Filamu yenyewe ilikuwa Aliens ya James Cameron, ya mwaka 1986. Juu yake alisikika mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili, fani ambayo Lufufu wa Dar es Salaam aliipatia umaarufu mkubwa. Kikosi cha askari kinapelekwa kwa walowezi ambao hawajibu tena redio. Luteni wao ni mgeni wa vita. Anabaki ndani ya gari la deraya akiongoza kwa kutazama televisheni. Mara inagundulika kuwa askari wamesimama chini ya mtambo wa nishati, na risasi zikiupiga utalipuka. Wanaamriwa wakabidhi risasi zao, na adui yumo ukutani!

Kibanda kizima kilipiga kelele. Mzee mmoja aliyevaa gwanda katika vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, alisimama: "Ofisa gani huyu anapigana amekaa? Na nyinyi mbona mmejikusanya kama kuku?"

Hapo ndipo utamu wa hadithi hizi ulipo. Chombo cha anga ni vazi tu. Ndani yake mna kikosi kidogo, amri iliyotoka mbali, risasi zinazopungua, na mwenzako ambaye akizembea utakufa wewe. Mchimbaji hahitaji kufafanuliwa. Naye hushuka duarani ambako hewa ni ya kuhesabu, akitegemea matimba aliyoyapiga mwingine na kamba iliyoshikwa na mtu wa juu. Wale askari walipotambaa ndani ya bomba la hewa, hakuna aliyekohoa.

Kuna jambo jingine wanalolikamata upesi kuliko sisi wa mjini. Katika filamu iliyotangulia, Alien ya mwaka 1979, chombo kilichopatwa na balaa kilikuwa kimebeba tani milioni 20 za mawe ya madini, na kampuni iliwahesabu wafanyakazi wake kuwa si kitu mbele ya faida. Katika hii ya pili, bwana wa kampuni yumo safarini, mpole, mwenye tabasamu. Kijana aliyekaa mbele yangu alimnong'oneza mwenzake: "Huyo ndiye mwenye duara."

Uongo upo, tena mwingi. Angani hakuna hewa, kwa hiyo mlipuko unaouona pale hungeusikia. Na umbali! Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, mwanga wenyewe huifikia kwa miaka zaidi ya 4. Filamu nyingi huuruka umbali huo kama mfereji. Joe Haldeman, Mmarekani aliyejeruhiwa Vietnam, hakuuruka. Katika kitabu chake The Forever War cha mwaka 1974, askari husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga na, kama Einstein alivyoonyesha, saa zao huenda polepole. Kwao inapita miezi, nyumbani inapita miaka mingi sana. Wanarudi wakiwa bado vijana, na waliowaacha wamekwisha kuzikwa.

Tulipotoka nilimsimulia yule mzee kisa hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtunzi alipigana kweli. Nikamjibu ndiyo.

"Nilijua," akasema. "Mwanangu, kikitoka kwa Kiswahili uniletee."