Kupepesuka na Kupooza: Istilahi za Maradhi ya Ubongo Mdogo

Neno "kupooza" huelekea kutwishwa kila hali ambayo miguu ya mgonjwa haimtii. Kuna maradhi ambayo neno hilo haliyafai hata kidogo.

Kisogoni, chini ya ubongo mkuu, kipo kiungo ambacho kwa Kilatini huitwa serebelamu, yaani ubongo mdogo. Tafsiri hiyo yatosha, ijapokuwa udogo wenyewe ni wa uzito tu: kiungo hiki ni kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa ubongo wote, lakini kina zaidi ya nusu ya chembe zake za neva. Kazi yake ni kulinganisha nguvu, umbali na wakati wa kila mwendo.

Kiungo hiki kikiugua, misuli hubaki na nguvu. Kinachopotea ni ulinganifu. Mgonjwa hutembea ametanua miguu, akipepesuka, na si ajabu majirani wakamdhania mlevi. Akitakiwa aguse pua yake kisha kidole cha tabibu, mkono hutetemeka zaidi kadiri unavyokaribia, kisha hupita shabaha. Tetemeko hili, ambalo tungeliita "tetemeko la kulenga", lisichanganywe na lile la ugonjwa wa Parkinson, ambalo huonekana mkono ukiwa umetulia. Macho huchezacheza, na usemi hukatika silabi kwa silabi. Gordon Holmes, aliyewachunguza askari waliopigwa risasi katika Vita Kuu ya Kwanza, alieleza mwaka 1917 kwamba dalili hutokea upande ule ule ulioumia, tofauti na ubongo mkuu.

Hali hiyo kwa jumla yafaa iitwe ataksia. "Kupepesuka" kubaki kwa mwendo wa miguu, maana mkono haupepesuki.

Visababishi ni vingi: pombe ya miaka mingi, dawa ya kifafa iitwayo fenitoini inapozidi mwilini, uvimbe, maradhi ya kurithi, na kwa watoto tetekuwanga, ambapo kwa kawaida ataksia hupona yenyewe. Kiharusi ndicho cha kuogopwa zaidi. Mtu hushikwa ghafla na maumivu ya kisogo, hutapika, hawezi kusimama, ilhali viungo vyake vina nguvu. Tabibu anayengoja kuona kupooza atachelewa, kwani damu iliyovuja hapo huweza, kwa muda wa saa chache, kuziba njia ya maji ya ubongo na kulibana shina linaloendesha pumzi.