Sanduku la Dawa la Nyumbani Lisikutwe Tupu

Mtaa wa Mbaraki, katika kisiwa cha Mombasa, ni mahali pa kazi nyingi. Karibu na mnara wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, malori huenda na kurudi kwenye mabohari, na vyombo huingia katika hori. Majumbani watu hupika kwa mkaa, kwa mafuta ya taa na kwa gesi, na watoto hucheza papo hapo karibu na meko. Mahali kama hapo hapakosi ajali ndogo ndogo. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani humo humo, wala si mbali. Lakini hata safari fupi ina dakika zake, na dakika za kwanza ni za watu wa nyumbani.

Watu wengi wajua jambo hili, na wengine wamekwisha kununua sanduku la huduma ya kwanza. Taabu yake ni kwamba sanduku hununuliwa siku moja, likawekwa juu ya kabati, likasahauliwa. Siku ya haja lifunguliwapo, bendeji ya mwisho imekwisha kutumika, mkasi umekwenda kukatia nguo, na dawa zimepita muda wake. Sanduku la namna hiyo lina hatari kubwa kuliko kutokuwa na sanduku kabisa, kwa maana mwenye nalo hulitumainia na asijitayarishe kwa njia nyingine. Basi yafaa tulitazame kama tutazamavyo ghala ya chakula: unga ukipungua hununuliwa, na bendeji vivyo hivyo.

Vitu vya lazima si vingi. Weka kipande cha sabuni, shashi safi zilizofungwa, bendeji 2 au 3 za kuzungusha, plasta, mkasi mdogo, kibano cha kutolea miiba, glavu za mpira, kipimajoto, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ziitwazo O.R.S., na vidonge vya parasetamoli. Ongeza leso kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Leso ikikunjwa pembe tatu hutegemeza mkono uliovunjika mpaka mgonjwa afike hospitali, na katika nyumba za pwani leso haikosekani.

Huenda msomaji akashangaa kuona sabuni imetangulia. Sababu yake ni hii. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha halina budi kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili zake, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kuosha na chanjo huzuia. Tena mtu aliyechomwa na msumari huoshwa vivyo hivyo, na yafaa aulizwe kama amechanjwa pepopunda.

Damu ikitoka kwa wingi, vaa glavu, weka shashi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa muda wa dakika 10 bila kuinua mkono kuchungulia. Shashi ikilowa, usiitoe. Weka nyingine juu yake na uendelee kukandamiza. Damu isipokoma, mgonjwa apelekwe hospitali huku jeraha likiwa bado limekandamizwa.

Sasa tutazame ajali ya moto, iliyo ya kawaida sana jikoni. Tuseme mtoto amevuta kitambaa cha meza na chai ya moto ikamwagika mkononi mwake. Watu wengi hukimbilia dawa ya meno, samli, au ute wa yai. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke, na huweza kuingiza uchafu katika jeraha. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, yamiminwe juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Vua bangili na nguo za karibu, isipokuwa zile zilizogandamana na ngozi. Kisha funika kwa shashi safi bila kukaza, na usipasue malengelenge. Mtoto mchanga, au mtu yeyote aliyeungua uso, viganja au sehemu za siri, apelekwe hospitali bila kungoja. Na iwapo mtoto amekunywa mafuta ya taa, asitapishwe, maana yakipanda tena huweza kuingia mapafuni. Naye pia apelekwe upesi.

Pakiti za O.R.S. ni kitu kidogo chenye historia kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliokimbilia India walipatwa na kipindupindu. Daktari Dilip Mahalanabis, alipoona maji ya kutia kwa sindano yanakwisha, aliwaagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Waliowanywesha wagonjwa hao walikuwa mama zao, ndugu zao na waume zao. Basi mtoto akiharisha, soma maandishi ya pakiti kwa makini, kwa kuwa nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita. Chumvi ikizidi humdhuru. Tumia maji safi ya kunywa, mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu, usikawie nyumbani.

Katika dawa za homa iko tahadhari moja iwahusuyo sana watu wa Mombasa. Tangu karne ya 19 watu wa pwani walilijua jina la kidingapopo, yaani homa ya ghafula iumizayo viungo. Madaktari wa leo huiita dengi, na huenezwa na mbu aumaye mchana. Homa ya dengi ililipuka mjini Mombasa mwaka 2013 na 2014, na imerudi tena baadaye. Homa hiyo huweza kusababisha kutoka damu, na aspirini au ibuprofeni huzidisha hatari hiyo. Kwa hiyo homa ikianza na sababu yake haijajulikana, dawa ya kuituliza ni parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Na aspirini wasipewe watoto kamwe. Wala kutuliza homa si kuponya: mgonjwa apelekwe akapimwe damu, maana huenda ni malaria.

Imebaki habari ya kulitunza sanduku. Hewa ya Mombasa ina joto na unyevu, navyo huharibu vidonge na plasta. Usiliweke jikoni wala bafuni wala dirishani penye jua. Huna haja ya sanduku la fahari. Kopo la biskuti lenye kifuniko kinachobana lafaa sana, kwa kuwa huzuia unyevu na mende. Liwe mahali pa juu wasipofika watoto, lakini kila mtu mzima ajue lilipo.

Gundisha karatasi ndani ya kifuniko. Andika hesabu ya kila kitu, tarehe ya mwisho ya kila dawa, na namba za simu za msaada, 999 na 112. Mtu mmoja wa nyumba apewe kazi ya kulikagua kila mwisho wa mwezi, siku ile ile ilipwapo kodi ya nyumba, ili isisahauliwe. Kitakachokuwa kimetumika kinunuliwe siku ya pili yake, maana vingi vyapatikana katika duka la dawa kwa fedha kidogo.

Katika nyumba zenye wapangaji wengi, jirani aombapo bendeji hatuwezi kumnyima. Ujirani mwema ndio huo. Lakini sanduku la mmoja likitumiwa na nyumba nzima, litakuwa tupu. Ni bora wapangaji wachange, wawe na sanduku moja la wote, na mwenye kulitunza achaguliwe mbele ya wote. Tena yafaa mtu mmoja wao ajifunze huduma ya kwanza. Chama cha St John Ambulance, kilichoanza kazi Kenya mwaka 1928, na Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kwa sheria mwaka 1965, hufundisha kazi hiyo. Bendeji katika mkono usiojua kuifunga haina faida kubwa, na mkono unaojua usio na bendeji nao umepungukiwa.