Ghorofa 70 zilizoishia kwenye shimo: Kwa nini majengo marefu hukwama njiani?

Ukipita Kakese, Manispaa ya Mpanda, utakuta jambo ambalo lipo karibu kila mtaa wa Tanzania: msingi umejengwa, nondo zimechomoza, nyasi zimeota katikati ya vyumba. Mwenye kiwanja hajakata tamaa. Anasubiri auze mpunga, pesa ikipatikana fundi anarudi.

Sasa msingi kama huo ukiwa wa jengo refu kuliko yote Afrika, mambo hubadilika. Hilo ndilo lililotokea Nairobi.

Mpango ulikuwaje?

Mei 2017, Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua ujenzi wa The Pinnacle katika eneo la Upper Hill. Waliokuwa nyuma ya mradi ni kampuni ya mafuta ya Hass Petroleum na White Lotus ya Dubai.

Yalipangwa majengo mawili. Moja la ghorofa 45 lenye hoteli ya Hilton, na jingine la ghorofa 70 lenye ofisi na makazi, likipanda zaidi ya mita 300 kwenda juu. Gharama ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200 za Marekani.

Ili upate picha: jengo la KICC, lililokamilika 1973 na ambalo wengi hulijua kwa kuliona kwenye picha za Nairobi, lina mita 105 tu. Britam Tower, lililokamilika 2017 hapohapo Upper Hill, lina mita 200. The Pinnacle lingeyaacha mbali yote mawili. Wakati huo jengo refu kuliko yote Afrika lilikuwa Carlton Centre la Johannesburg, mita 223.

Kilikwamisha nini?

Kwanza, ardhi. Uchimbaji ukiwa umeshaanza, ulizuka mgogoro wa umiliki wa kiwanja na kesi ikafika mahakamani. Mwaka 2018 kazi ikasimama.

Pili, anga. Upper Hill haiko mbali na Uwanja wa Ndege wa Wilson, mmoja wa viwanja vyenye pilikapilika nyingi za ndege ndogo Afrika Mashariki. Jengo refu likiwa karibu na njia ya ndege lazima urefu wake uidhinishwe na mamlaka ya usafiri wa anga, na suala hilo nalo likawa na maswali.

Matokeo yake, mahali palipotakiwa kuwa na ghorofa 70 pakabaki shimo. Taji la jengo refu zaidi Afrika Mashariki likaenda kwa wengine: mwaka 2022 Ethiopia ilizindua makao makuu ya Benki ya Biashara ya Ethiopia jijini Addis Ababa, mita 209. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Hilton ya zamani ya katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1969, ikafunga milango.

Kwa nini ghorofa haliwezi kusubiri kama nyumba ya kawaida?

Msingi wa Kakese ukikaa miaka mitatu, hasara ni nyasi, kutu kidogo na maneno ya majirani. Mwenyewe alitumia pesa yake mfukoni, hakuna anayemdai.

Jengo refu hujengwa kwa mkopo, na riba hailali. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi bilioni 1 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi milioni 150 kila mwaka, au milioni 12.5 kila mwezi, hata kama hakuna tofali lililopandishwa. Mradi wa mabilioni mia nne, zidisha mwenyewe.

Halafu kuna shimo lenyewe. Jengo refu huchimbiwa chini sana ili lipate msingi imara na maegesho ya magari. Kuta za kuzuia udongo usiporomoke wakati wa ujenzi mara nyingi huwa za muda, zimepigiwa hesabu ya kukaa kipindi kifupi mpaka jengo lenyewe lichukue mzigo. Kazi ikisimama, maji ya mvua na ya chini ya ardhi hujaa, lazima yavutwe kwa pampu, na majirani wenye majengo pembeni huanza kuangalia nyufa.

Nondo zilizo wazi nazo hushika kutu. Kazi ikirudi baada ya miaka, wahandisi lazima wapime upya kila kitu kabla ya kumwaga zege. Wakati mwingine kilichojengwa kinabomolewa.

Tanzania nako kumetokea?

Kumetokea, ingawa kwa sababu tofauti. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lilelile lililojenga nyumba za Ilembo mjini Mpanda, lilianzisha miradi mikubwa Dar es Salaam: Morocco Square na Kawe 711. Hapo tatizo kubwa lilikuwa fedha. Shirika la umma haliendi tu benki likakopa, linahitaji kibali cha Serikali. Kibali kilipokosekana, mafundi wakaondoka na majengo yakabaki magofu kwa miaka.

Serikali ya Awamu ya Sita ilipoliruhusu shirika kukopa, kazi zikaanza tena.

Nje ya Afrika pia ipo mifano. Hoteli ya Ryugyong ya Pyongyang, Korea Kaskazini, ilianza kujengwa 1987 ikakwama 1992. Ghorofa 105 zipo, nje imevishwa vioo, lakini mpaka leo haijawahi kupokea mgeni. Saudi Arabia nako, Jeddah Tower, lililopangwa kuvuka mita 1,000, lilisimama 2018 na ujenzi ukarejea Januari 2025.

Tofauti ya majengo haya si urefu. Linalopata mwenye pesa hufufuka hata baada ya miaka saba. Ila linalogombaniwa ardhi, hata pesa ikiwepo, hakuna benki itakayoitoa mpaka ijulikane kiwanja ni cha nani.

Nani anaumia zaidi?

Si tajiri peke yake. Kuna fundi, saidia fundi na mama ntilie waliokuwa wakiishi kwa kazi ya kila siku pale. Kuna pia mtu aliyelipia nyumba ikiwa bado ni mchoro kwenye karatasi. Huyo huendelea kulipa kodi ya pango anakoishi, huku akiba yake imelala kwenye shimo.

Mtu wa Kakese anajifunza nini hapa?

Makosa yanayokwamisha ghorofa 70 ndiyo yanayokwamisha vyumba vitatu.

*Hakiki kiwanja kabla ya tofali la kwanza.* Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, ulizia serikali ya mtaa, zungumza na majirani wa pande zote. Muuzaji kuwa ndugu au rafiki si hati.

*Kibali kwanza.* Manispaa inataka kibali cha ujenzi. Ukijenga ghorofa karibu na Uwanja wa Ndege wa Mpanda, urefu nao unahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga.

*Jenga kwa kiasi cha pesa uliyonayo.* Chumba kimoja kilichoezekwa unalala ndani. Msingi wa vyumba sita haukuzuii mvua.

*Ukilipia nyumba ya kwenye mchoro,* usitoe yote mara moja. Mkataba useme unalipa kila hatua ikikamilika, na kazi ikisimama pesa yako inarudije.

Na yule wa Kakese mwenye msingi wenye nyasi asijione ameshindwa. Kama kiwanja ni chake na hadaiwi na mtu, ana mambo mawili ambayo mradi wa mabilioni unaweza kuyakosa. Fundi akirudi baada ya mavuno, hakuna wa kumzuia.